Moldi za ncha za mabawa kwa ndege ya kujijengea, kwa vifaa vya Mwanza

Wakuu, sisi wa Mwanza tuna bahati moja ambayo wajenga ndege wengi wa nyumbani hawana. Ukishuka Kirumba mwaloni au ukizunguka Ilemela kandokando ya ziwa utakutana na boti za faiba, na penye boti za faiba yupo mtu anayejua moldi, yaani kalibu la kufinyangia faiba. Mambo ya waksi, jelikoti (lile tabaka zito la uso wa nje), mati (mkeka wa nyuzi za faiba zilizokatwakatwa) na rola huna haja ya kuyatafuta Marekani, yako hapa hapa, kaa na fundi siku mbili tatu umwangalie mikono. Ila fundi boti atakufundisha vitu viwili kwa mpigo, namna ya kutengeneza moldi na namna ya kutengeneza boti, na cha kwanza chukua chote, cha pili kiache huko huko. Moldi jenga kama fundi boti, parti ya ndege usijenge kama fundi boti. Nitalirudia hili mpaka mchoke.

Hapa naongelea ncha ya bawa, ile parti ya mwisho kabisa kule nje. Nimeichagua kwa sababu haibebi mzigo mkubwa kama mhimili wa bawa, ukubwa wake unatosha meza moja, na ina kona zote zitakazokufundisha kazi. Aileroni, yale mapezi ya nyuma ya bawa yanayopindua ndege, na ngozi za bawa zenyewe ziache kwanza, mkono ukishazoea utaenda huko. Na tuelewane, ndege nyingi za kujijengea hazina moldi kabisa, mbunifu Mmarekani Burt Rutan na ndege yake VariEze ya 1975 aliwafundisha watu kukata foma kwa waya wa moto na kuivalisha faiba moja kwa moja, halafu unasugua kwa nje mpaka uchoke. Njia hiyo ni nzuri kama unajenga ndege moja na muda unao. Moldi inalipa pale unapotaka parti itoke laini bila kuijaza fila kilo na kilo, au ukiwa mko wawili watatu mnajenga ndege ya aina moja.

Kabla hujanunua chochote: moldi ngapi?

Hapa watu wengi wanashtuka. Ncha ya kushoto na ya kulia ni kama zimetazamana kwenye kioo. Kama profaili ya bawa lako, yaani umbo lake ukilikata kwa upande, ina mgongo (imepinda kwa juu), mfano ile yenye namba NACA 4412, ile 4 ya kwanza inamaanisha mgongo wa asilimia 4 ya upana wa bawa kutoka mbele hadi nyuma, basi juu na chini havifanani na moldi ya kushoto haitakupa ncha ya kulia hata uigeuze vipi. Patani mbili, na kila patani moldi ya vipande viwili, jumla vipande vinne. Lakini profaili ikiwa sawa juu na chini, kama NACA 0012 ambayo wengi wanaweka kwenye mkia, moldi ya seti moja inatoa zote mbili, unapindua tu. Kwa hiyo ushauri wangu, kama ndege yako ina mkia wa namna hiyo anza na ncha za mkia, utajifunza kazi ile ile kwa nusu ya gharama, kisha ndio uje kwenye bawa.

Upana wa flanji, ule mdomo bapa unaozunguka ukingo wa moldi, nao uamue sasa hivi. Kama utatandika kwa mkono tu, sentimita 5 hadi 7 zinatosha. Ukifikiria vakyumu siku za mbele, yaani kubana parti kwa mfuko ulionyonywa hewa, weka sentimita 10 au zaidi maana utahitaji pa kubandika mpira wa kuzibia mfuko. Flanji haiongezeki baadaye, watu wanasahau hili.

Hatua ya 1: patani

Patani ni lile umbo la ncha lenyewe, la kuchongwa, ambalo moldi itafinyangwa juu yake. Haihitaji kuwa nyepesi wala nzuri ndani, inahitaji kuwa sahihi nje na isicheze.

Chapisha profaili stationari kwenye karatasi kubwa, halafu USIIAMINI, chukua rula ya chuma upime. Kama bawa lako ni milimita 1200 kutoka mbele hadi nyuma basi karatasi isome 1200, na NACA 4412 kwa upana huo unene wake mkubwa ni milimita 144, pima na hapo, maana mashine zina tabia ya kupunguza ukubwa ili mchoro uenee kwenye karatasi. Ikikaa sawa, bandika kwenye plaiwudi au MDF ya milimita 12 ukate ribu. Ribu ya shinani, yaani upande unaokutana na bawa, isitoke kwenye mchoro peke yake, ichukue kutoka kwenye bawa lako halisi kama limeshajengwa. Mchoro ni mchoro, bawa ni bawa.

Patani iendelee sentimita 5 kupita pale ncha itakapoishia, na pale mwisho halisi ulipo chora mstari kwa ncha ya msumari, kina cha nusu milimita. Mstari huo utatokea kwenye moldi, utatokea na kwenye parti, na ndio utakaokuonyesha pa kukata bila kupimapima. Ukingo wa nyuma usiuchonge ukawa wembe, acha unene wa milimita 2 au 3.

Katikati ya ribu jaza foma. Maboksi ya stairofomu yanayobebea minofu ya sangara mnayajua, yanafaa kwa vipande vidogo ila ni membamba, utagundisha mengi na zile punje zinachomoka ukisugua. Afadhali utafute bloku nene. Sasa sikilizeni vizuri, kuna watu wanaokota mabaki ya paneli za vyumba vya baridi kule viwandani, na nyingi ya hizo ndani yake ni foma ya poliyurethani, ya njano njano. HIYO USIIKATE KWA WAYA WA MOTO, moshi wake una sumu ya sianidi. Ichonge kwa msumeno na msasa, ukiwa umevaa maski. Stairofomu nyeupe ndiyo ya waya wa moto, na hata hiyo fanyia nje penye upepo. Kama huna uhakika unayo ipi, dondosha tone la petroli, stairofomu itayeyuka ibaki shimo, poliyurethani haitashtuka.

Hilo tone linakufundisha kitu kingine, polista, ile rezini (gundi ya maji inayoganda) ya boti na fila ya magari, ina staireni ndani yake na staireni inakula stairofomu vile vile. Kwa hiyo usipake fila ya magari moja kwa moja juu ya foma, itakuachia mashimo. Kwanza valisha foma yote tabaka moja la kitambaa chepesi cha faiba kwa epoksi, rezini isiyo na staireni, ikauke, isugue, hapo ndio fila ya magari iingie.

Saa ya kuvalisha nayo ina maana. Ukianza saa tatu asubuhi, joto linapanda, hewa iliyomo kwenye foma na mbao inatanuka na kusukuma epoksi, unapata malengelenge. Anza saa tisa alasiri joto linapoanza kushuka, hewa inarudi ndani na inaivuta epoksi. Ila umalize kabla ya magharibi! Wale wadudu wa ziwani wakitoka na wewe umewasha taa, asubuhi utakuta mamia wamekaukia kwenye epoksi, na hakuna namna ya kuwatoa zaidi ya msasa.

Hatua ya 2: msasa, msasa, msasa

Hatua hii haina ujanja na ndiyo inayoamua kila kitu. Moldi haisamehe, inanakili hadi alama ya kidole, na kila kasoro utakayoiacha kwenye patani utaisugua tena kwenye kila parti itakayotoka maisha yote ya moldi hiyo.

Msasa usishikwe kwa vidole. Gundisha kwenye ubao mrefu, sentimita 40 hivi, mwembamba kiasi wa kupinda kidogo, na usugue kwa mshazari, mara upande huu mara ule, usifuate mstari mmoja. Anza na namba 80, kisha 120, 180, 240. Kila unapobadilisha namba, pulizia vumbi la rangi nyeusi kwa mbali, halafu sugua, pale nyeusi inapobaki ni shimo, pale inapotoka haraka ni kilima. Jaza, sugua, pulizia tena. Kata pia ribu za kike, yaani tundu lenye umbo la profaili, uziweke juu ya patani kila mara kuangalia kama bado uko kwenye umbo, maana mkono unapenda kulainisha ukingo wa mbele mpaka unakuwa mviringo tu, na ukingo wa mbele ndio roho ya profaili.

Ukiridhika, mpe mpiga rangi wa magari apige praima ile ya kuchanganya na hadena, tabaka tatu nne, gereji za Mabatini na Nyakato hazikosi mtu wa kazi hiyo. Mwambie asikupe ya kukauka kwa hewa tu, hiyo staireni ya jelikoti itaikunja. Baada ya hapo msasa wa maji 400, 600, 800, 1000, 1200, na kompaundi ya kung'arishia.

Usiku zima taa zote ubakize tyubu moja ndefu, uangalie mwanga wake ukitembea juu ya patani. Mstari wa mwanga ukikatika au kucheza, hapo pana bonde hata kama kidole hakilisikii.

Halafu iache. Wiki nzima, mchana kwenye jua. Najua unawashwa kuendelea, lakini fila na praima bado vinasinyaa na alama za kitambaa na viungo vya ribu vinatokea juu, bora vitokee sasa uvisugue kuliko vitokee chini ya jelikoti.

Hatua ya 3: mstari wa kugawanyia

Moldi inatoka vipande viwili, juu na chini, na ukikosea mahali pa kugawanya, patani itang'ang'ania ndani na hutaitoa bila kuvunja kimojawapo. Kanuni ni moja tu, gawanya pale patani inapotokeza zaidi ukiitazama kutoka juu. Iweke patani mezani, meza iwe sawa, na ule mstari wa kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma uwe sambamba na meza. Chukua skwea ya seremala, isimamishe wima, izungushe pembeni ya patani, kila inapogusa weka alama kwa penseli. Unganisha alama, ndio mstari wako.

Kisha kata ubao wenye uso wa fomaika, ufuate umbo hilo, uupandishe kwa vibao mpaka ufike kwenye mstari. Ule mwanya kati ya ubao na patani ziba kwa plastisini ya watoto, na uikwangue kwa kona ya kadi ya simu ibaki pembe kali ya digrii 90. Usiilaze ikawa duara, duara hilo litakuwa nyufa baina ya vipande viwili na litakupa mshono mnene kwenye parti.

Ili vipande vikutane pale pale kila mara unahitaji funguo. Nenda duka lolote mtaani nunua gololi. Toboa matundu kwenye ubao, ingiza gololi zitokeze kidogo chini ya nusu, shikiza kwa plastisini kwa chini. Tano sita zinatosha, na usiziweke kwa nafasi sawa pande zote. Zitaacha vibonde kwenye kipande cha kwanza, kipande cha pili kitajaza vibonde hivyo, basi, hakuna kuteleza tena.

Hatua ya 4: waksi

Waksi ya karnauba, ile ya kutolea moldi, fundi boti anayo. Mara ya kwanza paka tabaka sita hadi nane, kila moja ing'arishe kabisa na uache kama saa moja kabla ya nyingine. Ubao na gololi navyo vipakwe. Usitumie polishi ya gari au ya dashibodi, nyingi zina silikoni, jelikoti itakimbia na kuacha macho ya samaki. Juu ya waksi pulizia PVA, hii ni kama plastiki nyembamba inayoyeyuka kwa maji, ivuke kama ukungu mara tatu badala ya mara moja ya kumwagika. Kwa moldi mpya mimi siiachi PVA hata siku moja, wenye ujasiri wao waache.

Na jaribu kwanza kwenye kipande cha ubao kilichopakwa rangi na waksi ile ile. Kikiachia, endelea.

Hatua ya 5: jelikoti na kutandika

Hapa ndio tunamsikiliza fundi boti. Kwa moldi ya ukubwa huu polista inatosha, ni nafuu na inapatikana. Moldi ndefu za ngozi ya bawa ni habari nyingine, polista inasinyaa zaidi kuliko epoksi na kwa urefu wa mita nne moldi inajipinda, huko nenda na epoksi toka mwanzo.

Tahadhari kabla ya kufungua chupa. Katalisti ya polista, ile dawa inayoigandisha, ni MEKP, tone moja kwenye jicho linaweza kukupofusha, vaa miwani na uwe na maji karibu, likikuingia suuza dakika 15 bila kuacha ndio ukimbie hospitali. Na kama rezini yako haijawekewa kobalti (kichapuzi cha kuganda) kiwandani, kobalti inaingia kwenye rezini kwanza, inakorogwa mpaka iishe, ndio katalisti ifuate. Kobalti na katalisti zikikutana zenyewe zinalipuka. Sio utani, na usiziweke hata kwenye rafu moja.

Jelikoti ya moldi, sio ya boti ya kawaida, rangi tofauti na patani ili uone unakopita. Unene jumla nusu milimita hadi 0.8, yaani kama gramu 700 hadi 900 kwa mita ya mraba, kwa tabaka mbili. Katalisti kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito, kwa joto letu la mchana kaa huku chini. Pima kwa mizani, sio kwa kifuniko cha chupa. Gusa kwa kidole, inanata lakini rangi haibaki kidoleni, hapo ndio wakati. Ukiwahi, staireni ya tabaka linalofuata itaikunja jelikoti na kazi yote inarudi sifuri.

Kona zote kwanza zijaze uji mzito wa rezini na talki ili mati isiache hewa pembeni. Kisha tabaka la kwanza liwe jepesi, tishu ya faiba au mati ya 300, moja tu, utoe hewa yote kwa rola ya chuma, na uliache lilale hadi kesho. Usilipite haraka, kila povu utakaloacha hapa litapasuka siku utakayobana vakyumu. Kesho yake kagua kwa kugongagonga na sarafu, penye sauti ya uwazi pasue ujaze.

Baadaye mati ya 450, tabaka mbili kwa wakati, subiri ipoe, mbili tena. Kila tabaka linakupa kama milimita moja, lenga milimita 6 hadi 8. Ukitandika zote siku moja, joto linajikusanya na moldi inakunjika ikiwa bado juu ya patani.

Mifupa ya nyuma tengeneza kwa plaiwudi au skwea paipu ya milimita 25. Chomelea fremu pembeni, ipoe, ndio uilete. Kati ya fremu na moldi weka kipande cha boksi au foma, halafu ushikize kwa vipande vya mati, fremu ikigusa moldi moja kwa moja mstari wake utauona kwa upande wa ndani. Na fremu ifungwe moldi ikiwa bado juu ya patani, hii ni lazima.

Hatua ya 6: kipande cha pili, na kufungua

Pindua vyote kwa pamoja, toa ubao, gololi na plastisini, safisha, usiitoe patani kwenye kipande cha kwanza. Waksi upya kwa patani na kwa flanji, PVA, jelikoti, yale yale. Kikishakauka toboa matundu ya bolti za milimita 8 kwenye flanji kila sentimita 15, vipande vikiwa bado vimefungamana.

Kaa wiki, ndio ufungue. Kabari za plastiki au mbao pande zote kidogo kidogo, mwaga maji kwenye mwanya PVA iyeyuke, hewa ya kompresa, nyundo ya mpira kwa nyuma. Bisibisi iweke mbali kabisa na flanji. Ikigoma usilazimishe, ongeza maji ukanywe chai. Ikishatoka, osha PVA, sugua kwa maji 1000, 1500, 2000, kompaundi, waksi tena mara sita.

Hatua ya 7: parti, na hapa tunaagana na fundi boti

Tupige hesabu ya mita moja ya mraba. Kwa njia ya boti, jelikoti gramu 700, mati ya 450 tabaka mbili gramu 900, na mati inakunywa rezini mara mbili na zaidi ya uzito wake, weka kilo 2. Kilo 3.6. Kwa njia ya ndege, kitambaa cha kufumwa cha gramu 200 tabaka mbili, gramu 400, na epoksi uzito ule ule wa kitambaa, gramu 400. Gramu 800 basi, na ina nguvu zaidi kwa sababu nyuzi ni ndefu na zimenyooka. Uzito huo unauweka mwisho kabisa wa bawa, mbali kuliko kitu kingine chochote, ndege itakuwa nzito kupindua, na kwenye aileroni uzito wa ziada nyuma ya bawaba unaleta mtetemo unaoweza kung'oa bawa angani. Ndio maana sitaki mkono wa boti kwenye parti.

Tabia zingine za kuacha. Mati na epoksi havipatani, ile gundi inayoshika nyuzi za mati imetengenezwa kuyeyuka kwenye staireni, kwenye epoksi inabaki ngumu. Na hadena ya epoksi haiongezwi ili ikauke haraka! Polista inavumilia, epoksi ina kipimo kimoja cha kiwandani, 100 kwa 30 au vyovyote lebo inavyosema, ukizidisha inabaki laini milele. Soma kama kipimo ni kwa uzito au kwa ujazo, havifanani. Changanya kidogo kidogo kwenye sahani pana, kikombe kirefu kitachemka na kufuka moshi mkononi.

Idadi ya tabaka na pembe fuata mchoro wa ndege yako, usifuate mimi. Kwa kutandika, kata kitambaa nyuzi zikae digrii 45, kinalala kwenye kona bila kubishana. Lowesha, kwangua ziada kwa skwiji, kitambaa kikiwa kinang'aa kama kioo epoksi imezidi. Sehemu zitakazogundishwa weka kitambaa cha kubandua, nailoni isiyo na dawa, ukikivua unapata uso mkavu wa kugundishia. Epoksi ikifika hali ya mpira, sio maji sio jiwe, kata kingo kwa wembe usawa wa flanji, ukichelewa utakata kwa grainda na vumbi.

Kuunga, funga moldi mbili kwa bolti, ingiza mkono kupitia shinani ubandike utepe wa faiba wa sentimita 5 juu ya mshono kwa ndani, ukingo wa nyuma ujaze epoksi iliyochanganywa na nyuzi za pamba. Masika hapa unyevu unaacha utando wa mafuta mafuta juu ya epoksi iliyokauka, uoshe kwa sifongo na maji ya uvuguvugu kabla ya msasa, ukisugua kwanza unausukuma ndani.

Wa vakyumu: kompresa ya friji mbovu inafanya kazi vizuri, ila msishangae geji kugoma kufika 1. Ziwa liko mita kama 1,134 juu ya bahari, hewa yetu yenyewe ina kama 0.88 bar, kwa hiyo geji ikisoma 0.8 umeshinda, na hiyo ni kama tani 8 kwa kila mita ya mraba. Weka vali ya kuzuia hewa kurudi na tangi la kompresa ya zamani kama akiba, umeme ukikatika saa nzima mfuko bado umebana.

Acha parti ndani ya moldi siku mbili, kisha funika na plastiki nyeusi uiweke juani ikiwa bado imefungwa, joto hilo linaikomaza. Epoksi nyingi za kukauka bila oveni zinaanza kulegea kwenye nyuzi joto 50 na kitu hadi 60, na jua la Mwanza likipiga rangi nyeusi linafika huko bila shida, ndio sababu ndege za faiba zinapakwa rangi nyeupe, kwa hiyo hiyo ncha nyekundu uliyoiona kichwani iache.

Pima ncha zote mbili kwa mizani, andika uzito kwa ndani na tarehe na namba ya rezini. Kila mchanganyiko utoe na kipande kidogo cha majaribio, ukivunje kesho yake, kikichanika kwa nyuzi nyeupe kavu kitambaa hakikulowa. Piga picha kila tabaka kabla ya kufunika, siku ya kuongea na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kuhusu kuruka utahitaji kuonyesha kilichomo ndani, na hao waanzeni mapema, sio ndege ikiwa tayari imepakwa rangi.

Moldi ikipumzika ipakwe waksi, ifungwe kwa bolti zake zote, ilazwe juu ya fremu kivulini. Ukiiegemeza ukutani mwezi mzima kwenye joto itajipinda na utaanza tena hatua ya kwanza.